NCHI JIRANI: BURUNDI, SERIKALI YA KIJESHI NA KANISA

Tarehe 3 Septemba, 1987, Rais wa Burundi, Kanali Jean-Baptiste Bagaza, alikuwa mjini Quebec, nchini Kanada, akihudhuria mkutano wa wakuu wa nchi zinazotumia lugha ya Kifaransa. Siku hiyo jeshi lake mwenyewe lilimwondoa madarakani bila kumwaga damu. Aliyeshika uongozi ni Meja Pierre Buyoya, ofisa mwenye umri wa miaka 37, mzaliwa wa Rutovu katika Bururi kama alivyokuwa Bagaza, na kama alivyokuwa Micombero aliyewatangulia wote wawili. Ikaundwa Kamati ya Kijeshi ya Wokovu wa Taifa yenye wajumbe 31, na tarehe 2 Oktoba Meja Buyoya akaapishwa kuwa Rais.

Wanajeshi hao walikuwa na mambo mengi ya kushughulikia. Uchumi wa nchi ulitegemea zao moja la kahawa, magereza yalikuwa na wafungwa wa kisiasa, na ndani ya kambi zenyewe yalikuwapo manung'uniko. Hata hivyo, miongoni mwa mambo ya kwanza kabisa waliyoyashika ni ugomvi wa Serikali na Kanisa. Mapadri waliokuwa kizuizini wakaachiliwa. Ibada za siku za kazi zikaruhusiwa tena. Seminari ndogo zilizokuwa zimetaifishwa zikarudishwa kwa maaskofu, na wamisionari waliofukuzwa wakaambiwa kwamba mlango uko wazi. Yamkini msikilizaji aliye katika ulinzi wa nchi atauliza: kwa nini askari waliotwaa dola kwa nguvu waanze na mambo ya altare? Jibu halipatikani katika mwaka 1987 peke yake.

Wamisionari wa shirika la White Fathers walifika Rumonge, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1879. Hawakudumu; mwaka 1881 watatu kati yao waliuawa na kituo kikaachwa. Walirudi kwa njia nyingine, wakafungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899, wakati Wajerumani wakijitahidi kumtiisha Mwami Mwezi Gisabo. Baada ya Wabelgiji kuchukua nchi mwaka 1916, mambo yakabadilika upesi. Mkoloni wa Kibelgiji hakuwa na watu wa kutosha wala hakutaka kutumia fedha nyingi. Shule na zahanati nyingi akaziachia misheni. Kufikia miaka ya 1930 machifu walikuwa wakibatizwa kwa makundi, kwa kuwa walitambua kwamba mlango wa cheo ulikuwa ukipitia kwa padri.

Lazima ikumbukwe pia jinsi Warundi wanavyoishi. Burundi si nchi ya vijiji. Kila jamaa hukaa katika mji wake, ndani ya ua wake na migomba yake, na nyumba zimetawanyika juu ya maelfu ya vilima. Katika nchi ya namna hiyo, sokoni na kanisani ndipo mahali watu wengi wanapokutana mara kwa mara. Katekista wa kigango alijua nani amezaliwa, nani amekufa, nani ana ugomvi wa mpaka wa shamba. Serikali yoyote iliyokaa Bujumbura, iwe ya Mbelgiji, ya Mwami au ya Jamhuri, ilitambua kwamba pembeni mwake kulikuwapo chombo kingine kilichofika mahali ambapo mikono yake haikufika. Hesabu ya watu ya mwaka 1979 ilionyesha wakazi wapatao milioni 4, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wakatoliki.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai, 1962, miezi michache tu baada ya kuuawa kwa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA. Ufalme ukaangushwa tarehe 28 Novemba, 1966, na Kapteni Michel Micombero akatangaza Jamhuri. Kisha ukaja mwaka 1972. Uasi uliozuka mwishoni mwa Aprili kusini mwa nchi, ambao waasi wake waliua Watutsi wengi, ulijibiwa kwa mauaji ya Wahutu yaliyoenea nchi nzima, hasa ya wale waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, wafanyabiashara, askari. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 100,000 na zaidi, na wapo wanaotaja idadi maradufu ya hiyo. Mapadri Wahutu hawakuachwa. Padri Michel Kayoya, mwandishi na mshairi ambaye vitabu vyake vilisomwa hata nje ya Burundi, aliuawa Gitega mwezi Mei mwaka huo.

Matokeo yake Tanzania inayafahamu vizuri. Maelfu kwa maelfu ya Warundi walivuka mpaka, wakawekwa Ulyankulu katika Tabora, Katumba karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Katika makazi hayo Serikali ya Tanzania, Umoja wa Mataifa na shirika la kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, waligawana kazi kwa mapatano ya maandishi: huyu ardhi na usalama, yule fedha, mwingine visima, barabara na zahanati. Inafaa kulikumbuka jambo hilo, maana linaonyesha kwamba dola na Kanisa vinaweza kufanya kazi pamoja bila mmoja kumezwa na mwingine, iwapo kila mmoja ameambiwa mapema mipaka yake iko wapi.

Ndani ya Burundi, Kanisa lilibaki na aibu na majeraha. Baadhi ya wachungaji wake walinyamaza mwaka 1972 wakati waumini wa kanisa moja wakipelekana kwenye mashimo ya kaburi. Katika miaka iliyofuata parokia zilianzisha vikundi vidogo vya vilimani vilivyoitwa inama sahwanya, yaani mabaraza ya mapatano, ambako majirani walikutana, wakasali na kusemezana. Kwa padri huo ulikuwa uponyaji. Kwa ofisa wa usalama ulikuwa mkutano usio na kibali.

Kanali Bagaza aliingia madarakani tarehe 1 Novemba, 1976, kwa kumpindua Micombero. Haitakuwa haki kumchora kama mtu aliyeharibu tu. Aliondoa ubugererwa, ule utumwa wa ardhi uliomfunga mkulima maskini kwa mwenye shamba, na akafuta kodi ya kichwa. Barabara za lami zikajengwa katika nchi ambayo ilikuwa na chache sana, bwawa la umeme la Rwegura likajengwa, na idadi ya watoto wa shule za msingi ikapanda sana. Alikuwa ofisa aliyesomea Ubelgiji, mwenye kupenda mipango na takwimu, na mwenye kuamini kwamba taifa litajengwa na Serikali, na Serikali peke yake. Tena aliamini kwamba ukabila utakwisha ukikatazwa kutajwa. Hapo ndipo njia yake ilipogongana na ya Kanisa.

Mgongano haukuanza kwa Wakatoliki. Kituo cha redio cha Waprotestanti, CORDAC, kilinyamazishwa mwaka 1977. Mwaka 1979 likaja pigo la kwanza kubwa, yaani kufukuzwa kwa wamisionari wa kigeni kwa makumi. Wengine hawakufukuzwa kwa jina. Muda wa viza zao ulipokwisha haukuongezwa, na hiyo ni njia ya kimya kuliko kufukuza hadharani. Kufikia mwaka 1987 walioondoka walihesabika kwa mamia. Serikali iliwashuku kwamba wanawapendelea Wahutu, kwamba wanapeleka habari za nchi Ulaya, na kwamba wanajiona kuwa juu ya sheria. Katika shaka hizo palikuwa na punje ya ukweli: wamisionari wengine walikuwa wamezoea enzi ya ukoloni, ambapo padri mkuu wa misheni alizungumza na mtawala kama mtu na mwenzake. Ila kosa la wachache lilitibiwa kwa kukata mti mzima.

Kuanzia mwaka 1984 kamba ilikazwa zaidi. Ibada za hadhara katika siku za kazi zikapigwa marufuku, kwa hoja kwamba wananchi wanapoteza saa za uzalishaji mali. Vyama vya kitume vya vijana vikazuiwa, kwa kuwa kijana alitakiwa awe katika umoja wa vijana wa Chama, ule ulioitwa kwa jina la Rwagasore, na si kwingineko. Inama sahwanya zikavunjwa. Mwaka 1986 Serikali ikafunga vituo vya Yaga Mukama, maana yake "Sema, Bwana", ambako watoto wengi wa vilimani walikuwa wakijifunza kusoma, kuandika na katekisimu, na mwaka huohuo ikazitaifisha seminari ndogo. Maaskofu waliandika barua za kichungaji; mapadri walioonekana kuwa wakaidi wakatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Waadventista na Mashahidi wa Yehova nao walibanwa.

Seminari ndogo zastahili neno la pekee. Hizi ni shule za sekondari za bweni ambamo Kanisa huwalea vijana wanaofikiriwa kuwa mapadri. Wengi wa wanaoingia hawamalizi wakiwa mapadri. Wanakuwa walimu, makarani, waganga, na katika Burundi hata maofisa wa jeshi. Kwa Serikali ya Bagaza hiyo ilikuwa ndiyo sababu ya kuzitwaa: haikutaka vijana wenye akili kuliko wenzao walelewe nje ya usimamizi wake. Hapa Tanzania suala hilohilo lilikutana na uamuzi tofauti. Chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 Serikali ilitwaa shule za misheni ili mtoto wa Mwislamu, wa Mkristo na wa asiye na dini wapate nafasi sawa, lakini seminari ziliachwa mikononi mwa makanisa. Maaskofu walinung'unika juu ya shule zao, na manung'uniko hayo hayakwisha siku moja. Hata hivyo walijua kwamba kilichochukuliwa ni huduma ya umma, na kwamba moyo wa Kanisa haukuguswa. Bagaza aliugusa moyo.

Sasa, amri ya kuzuia ibada haijitekelezi yenyewe. Ikitoka Bujumbura ni karatasi. Ikifika kilimani ni askari wawili waliosimama mlangoni pa kigango asubuhi ya Jumatano. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake ni Wakatoliki, askari huyo kwa kawaida alikuwa amebatizwa, na mama yake alikuwa miongoni mwa wale waliotakiwa kutawanywa, au wa kigango cha jirani. Serikali inayomweka askari wake mahali pa namna hiyo humtoza deni ambalo haliandikwi katika bajeti. Atatii, maana utii ndio kazi yake. Lakini utii wa mtu anayeona haya na utii wa mtu anayejua sababu ya lindo lake havina nguvu moja siku ya hatari.

Jambo la pili ni la kipolisi zaidi. Vikundi vya sala vilivyokuwa vikikutana mchana, mlango wazi, vilipovunjwa, watu hawakuacha kukutana. Wakatekista waliendelea na kazi majumbani, sala zikahamia ndani ya nyua za migomba. Chombo cha usalama kilichokuwa kikijua nani anakutana wapi kwa kusikiliza tu kengele ya kanisa, kikajikuta kinahitaji watoa habari kila kilima. Na mtoa habari anayelipwa kwa kushuku hatakosa cha kushuku. Ndiyo maana katika miaka ile ya mwisho ya Bagaza mtu aliweza kukamatwa kwa sala, huku chuki yenyewe iliyoleta maafa ya mwaka 1972, na iliyokuwa hatari ya kweli kwa usalama wa nchi, ikiendelea kukua kimyakimya pasipo wa kuitaja.

Gharama ya nje nayo haikuwa ndogo. Burundi iliishi kwa kahawa na kwa misaada, na wafadhili wake wakubwa, Ubelgiji ikiwa mmojawapo, walikuwa ni nchi ambako wamisionari waliofukuzwa walirejea wakisimulia. Ugomvi ulioitwa wa ndani ukawa habari ya magazeti ya Ulaya.

Sababu za mapinduzi ya mwaka 1987 hazikuwa moja. Iliyokuwa karibu zaidi na kambi ni hofu ya masajini na wenye vyeo vya chini juu ya kustaafishwa. Lakini watawala wapya walipohesabu makosa ya mtangulizi wao, ugomvi na Kanisa ulitajwa wazi, na ndio uliokuwa mwepesi kupata suluhu ya haraka. Hapa pana siri ya kiserikali isiyohitaji elimu kubwa. Deni la nchi halilipiki kwa tangazo, wala ukabila haufutiki kwa amri. Kufungua kanisa lililofungwa kwa amri kunahitaji amri nyingine tu. Meja Buyoya alitoa amri hizo moja baada ya nyingine, na katika majuma machache alipata kwa wananchi heshima ambayo bunduki haikuweza kumpa.

Je, upande wa pili ulijibuje? Maaskofu hawakudai malipo wala hawakufanya sherehe ya ushindi. Wamisionari walirudi, ila si wote. Miaka minane ilikuwa imepita tangu kufukuzwa kwa wale wa kwanza, na mapadri wazalendo walikuwa wamezoea kuendesha parokia wenyewe. Kwa njia hiyo, bila kukusudia, Bagaza alilifanya Kanisa la Burundi kuwa la Kirundi zaidi kuliko alivyolikuta. Mwezi Septemba, 1990, Papa Yohane Paulo II, baada ya kuizuru Tanzania, aliingia Burundi tarehe 5 na kukaa hadi tarehe 7, akapokewa na Rais aliyevaa madaraka kwa mapinduzi yaliyotokea miaka mitatu kabla, karibu siku ileile.

Lakini ukarabati wa mwaka 1987 ulikuwa na ufa, na ufa huo ulionekana mapema. Yaliyorudishwa yalirudishwa kama hisani ya mkuu wa nchi. Hayakuwekewa msingi wa sheria unaomlinda muumini wa dini kubwa na wa dini ndogo sawasawa. Mwaka 1989 Mashahidi wa Yehova, ambao hawakuwa na Papa wa kuwatembelea wala balozi wa kuwasemea, walikamatwa na kupigwa tena chini ya serikali ileile iliyosifiwa kwa kufungua makanisa. Mkosi wa namna hii si wa Burundi peke yake. Hata Tanzania, makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 1992 kati ya Serikali na makanisa kuhusu huduma za elimu na afya yalizua malalamiko kwa Waislamu walioona kwamba upande mmoja umepewa mkono na mwingine haukuitwa. Anayetengeneza uhusiano na dini moja huku nyingine inachungulia dirishani ajiandae kwa ugomvi wa pili.

Ufa mkubwa zaidi ulikuwa wa damu. Mwezi Agosti, 1988, mwaka haujatimia tangu mapinduzi, machafuko yalizuka Ntega na Marangara, kaskazini mwa nchi. Wahutu waliua majirani zao Watutsi, na jeshi likaingia na kuua raia wengi kupita kiasi. Serikali yenyewe ilikubali vifo 5,000. Makadirio mengine ni mara tatu au nne ya hapo, na makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda. Ikaonekana kwamba kupatana na maaskofu si sawa na kupatanisha taifa. Inafaa kumpa Buyoya haki yake: safari hii hakufuata njia ya kukataza maneno. Mwezi Oktoba mwaka huohuo alimteua Mhutu, Adrien Sibomana, kuwa Waziri Mkuu, akaunda tume ya umoja wa taifa yenye Wahutu 12 na Watutsi 12, na tarehe 5 Februari, 1991, wananchi wakaupitisha Mkataba wa Umoja kwa kura. Uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 1 Juni, 1993. Buyoya akashindwa na Melchior Ndadaye, akakabidhi madaraka kwa amani.

Tarehe 21 Oktoba, 1993, askari wa Burundi walimwua Rais Ndadaye. Yaliyofuata ni vita vya zaidi ya miaka kumi, na hapa nafasi ya Kanisa ilibadilika tena. Halikuwa tena mshitakiwa wa Serikali wala mgeni wake wa heshima. Likawa shabaha ya pande zote mbili, kwa sababu lilikuwa na watu wa pande zote mbili. Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, Mtutsi, aliyekemea wauaji bila kuuliza kabila lao, aliuawa kwa kuviziwa barabarani tarehe 9 Septemba, 1996. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 25 Julai, Buyoya alikuwa amerudi madarakani kwa mapinduzi ya pili, na nchi jirani, Tanzania ikiwamo, zikaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi.

Kisha Buta. Ni seminari ndogo katika Bururi, mkoa ule uliotoa marais watatu wa kijeshi. Katika shule hiyo vijana Wahutu na Watutsi walikuwa wakilala bweni moja wakati vyuo na mitaa mingi ya Burundi imekwisha kugawanywa kwa kabila. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Aprili, 1997, waasi wenye silaha waliivamia, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana hawakujitenga. Waliuawa 40 pamoja. Shule za aina hiyo ndizo zilizotaifishwa mwaka 1986 kwa hofu kwamba zingegawa taifa.

Mazungumzo ya amani yalipoanza kushika njia, mchango wa watu wa dini ulionekana katika sura ambayo Serikali ya Bagaza isingeiwaza. Jumuiya ya Sant'Egidio ya Roma iliwakutanisha kwa siri wajumbe wa Serikali na waasi mwaka 1997. Baadaye jumuiya hiyo ilishiriki Arusha, chini ya usuluhishi wa Mwalimu Julius Nyerere na, baada ya kifo chake tarehe 14 Oktoba, 1999, wa Nelson Mandela. Kamati iliyohusu amani na usalama, ile iliyojadili hatima ya jeshi lenyewe, iliongozwa na padri wa jumuiya hiyo, Matteo Zuppi. Maofisa walikaa mezani wakajadili vyeo, kambi na uwiano wa makabila katika majeshi, na aliyewapa nafasi ya kusema alikuwa ni mtu wa Kanisa. Mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti, 2000.

Sheria iliyokosekana mwaka 1987 ilichukua miaka 25 kupatikana. Tarehe 6 Novemba, 2012, Burundi na Kiti Kitakatifu cha Vatikano zilitia saini mapatano ya msingi yanayoeleza hadhi ya Kanisa mbele ya dola. Hayakuondoa tofauti za maoni. Mwaka 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipogombea kipindi cha tatu, maaskofu walisema wazi kwamba katiba na Mkataba wa Arusha havikubali, na mwishoni mwa Mei wakawaondoa mapadri wao katika kamati za uchaguzi. Serikali ilikasirika. Bagaza alikuwa bado hai wakati huo, seneta wa maisha kwa sababu ya urais wake wa zamani. Alifariki mjini Brussels mwezi Mei, 2016.